Fungueni Majedwali, Walipeni Wanaoyatunza

Iko jeni moja ya kimelea cha malaria iliyobeba hatima ya dawa mseto hapa Afrika Mashariki. Watafiti huiita kelch13. Mwaka 2014 ilionyeshwa, kwa vimelea vya Kambodia, kwamba jeni hii ikibadilika mahali fulani, kimelea kinaanza kustahimili artemisinini, yaani kiini cha dawa yenyewe. Mwaka 2020 Rwanda ikaripoti badiliko la R561H. Mwaka 2021 zikaja taarifa za kaskazini mwa Uganda, zenye A675V na C469Y. Kisha R561H ikaonekana Kagera. Sasa ingia kwenye data ukaitafute jeni hiyo. Katika majedwali ya zamani imeandikwa PF13_0238. Katika mapya ni PF3D7_1343700. Jeni ni ileile, kimelea ni kilekile, lakini kompyuta haina habari. Yenyewe inaona herufi na tarakimu zisizofanana.

Mpe mwanafunzi wa uzamili jedwali la mwaka 2008 na jedwali la mwaka jana, mwambie ayaunganishe. Ataandika amri ya mstari mmoja, kompyuta itaoanisha vitambulisho vinavyofanana na kuvidondosha vingine vyote. Haitapiga kelele wala kuandika onyo. Jedwali litatoka safi na limenyooka, lina mistari michache kuliko inavyotakiwa, na kati ya iliyodondoka ipo ile inayohusu dawa tunayowapa watoto wetu. Mwanafunzi atachora grafu yake, msimamizi atasaini, na tasnifu itapanda rafuni.

Hali hii inanikasirisha, na nataka iwakasirishe wengi zaidi. Programu inayooanisha vitambulisho vya jeni, protini na kemikali ni miundombinu ya afya ya umma, sawasawa na bohari ya dawa. Lazima iwe huria mwanzo hadi mwisho: msimbo wake, majedwali yake, na kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa na siku kilipobadilishwa. Na mtu anayeitunza lazima alipwe mshahara. Mambo hayo mawili ni dai moja. Atakayewaambia tuchukue uhuria na mishahara tuiache, anawaandalia kufungiwa mlango kesho.

Tuanze na chanzo cha fujo yenyewe. Jenomu ya kimelea cha malaria ilichapishwa mwaka 2002. Kromosomu zake 14 zilikuwa zimegawanywa kwa taasisi tofauti, na mitindo ya kuandika vitambulisho ikatofautiana. Jeni ya crt, ambayo mabadiliko yake ndiyo yaliyotunyang'anya klorokwini, ikaandikwa MAL7P1.27. Zile mbili zinazohusika na usugu dhidi ya dawa ya malaria iitwayo SP, yaani dhfr na dhps, zikawa PFD0830w na PF08_0095. Baadaye zote zikaingizwa kwenye mfumo mmoja: PF3D7_0709000, PF3D7_0417200, PF3D7_0810800. Mfumo huu mpya ni bora, sibishi. Ukiusoma unajua mara moja aina ya kimelea na namba ya kromosomu. Lakini kila namba inapobadilishwa, nyuma yake zinabaki tasnifu, makala na majokofu ya sampuli yenye lebo za zamani. Lazima awepo mtu wa kukaa chini na kuandika: hii ndiyo ile. Mtanzania mmoja ana namba ya NIDA, ana TIN, ana namba ya bima, na zikigongana ipo ofisi ya kwenda kuuliza. Jeni haina ofisi. Ina jedwali tu, na jedwali lina thamani kadiri mtu anavyolihudumia.

Wapo wanaosema hii ni kazi ndogo, ya kijana mmoja na mchana mmoja. Hao nawaomba watazame selimundu.

Ugonjwa huu tunaufahamu majumbani mwetu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi wenye selimundu duniani. Unatokana na badiliko moja kwenye jeni ya HBB, inayotengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini: asidi amino iitwayo glutamati inaondoka, valini inakaa mahali pake. Badiliko hilo moja limeandikwa Glu6Val katika vitabu vingi vya tiba, na limeandikwa Glu7Val katika kanuni za leo za kutaja mabadiliko ya jeni. Maandishi yote mawili ni sahihi. Wanasayansi wa mwanzo walihesabu protini kama walivyoikuta kwenye damu, ambapo methionini ya kwanza imekwisha kukatwa. Kanuni za leo zinaanza kuhesabu kwenye methionini hiyo, kwa hiyo kila nafasi inasogea moja mbele.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Katika protini hii glutamati ziko mbili, zimefuatana. Kwa hesabu ya zamani ziko nafasi ya 6 na ya 7. Kwa hesabu mpya ziko ya 7 na ya 8. Kwa hiyo ukimpa programu badiliko la nafasi ya 7 bila kusema umehesabu kwa mtindo gani, itakagua, itakuta glutamati pale, na itaridhika kwa vyovyote vile. Ukaguzi ambao kwa kawaida ungelikamata kosa unalipitisha. Mgonjwa mwenye selimundu anaweza kuandikwa kwenye kanzidata kuwa ana badiliko jingine kabisa, na hakuna mashine itakayobisha. Njia pekee ya kulizuia hilo ni programu inayolazimisha kila namba ije na maelezo yake: umehesabu kwa mfumo upi, umetumia toleo lipi la mfuatano. Na njia pekee ya kujua kama programu inafanya hivyo ni kuufungua msimbo wake na kuusoma.

Sogea kwenye himoglobini hiyohiyo, upande wa pili. Mnyororo wa alfa unatokana na jeni mbili, HBA1 na HBA2. Katika kanzidata ya jeni ya Marekani zina namba zake, 3039 na 3040. Lakini protini inayotengenezwa na jeni hizo mbili ni moja, nayo katika kanzidata ya protini ya UniProt ina kitambulisho kimoja, P69905. Toka kwenye jeni kwenda kwenye protini, hakuna shida. Rudi kutoka protini kwenda kwenye jeni, unapata majibu mawili. Programu ifanye nini? Irudishe yote mawili? Ichague la kwanza? Itoe onyo? Uamuzi huo si wa fundi peke yake. Watu wa pwani ya Kenya wengi wana thalasemia ya alfa, na watafiti wa Kilifi wameonyesha kwamba aina yake nyepesi inawakinga watoto dhidi ya malaria kali. Aina iliyoenea huko inatokana na kipande kilichokatika na kuziunganisha jeni hizo mbili kuwa moja. Kwa mtafiti wa Kilifi, tofauti kati ya HBA1 na HBA2 ndiyo kiini cha swali lake. Kwa mtafiti anayepima wingi wa protini kwenye damu, tofauti hiyo haina maana yoyote. Programu iliyofungwa inawachagulia wote wawili jibu moja, gizani, na kuwakabidhi kama ukweli.

Wapo waliolitambua hili mapema na wakafanya kazi ya heshima. Mwaka 2010 timu za Maastricht, Uholanzi, na Taasisi za Gladstone za San Francisco zilieleza programu huria ya BridgeDb. Wazo lake ni la wazi na bado linanivutia. Mwandishi wa programu anaandika mara moja tu jinsi ya kuuliza swali, "kitambulisho hiki kinalingana na kipi kule?", na jibu linaweza kutoka kwenye huduma ya mtandaoni au kwenye faili alilolipakua na kuliweka kwenye kompyuta yake. Kwa anayefanya kazi mahali ambapo intaneti hukatika katikati ya uchambuzi, faili hilo ndilo linaloamua kama kazi itakwisha leo au la. Zaidi ya hapo, faili lina toleo. Unaliandika kwenye makala yako, na mwenzako akitaka kurudia kazi baada ya miaka mitano analitafuta toleo lilelile.

Baadaye, katika mradi wa Ulaya wa Open PHACTS ulioanza mwaka 2011, huduma ya kuoanisha iliyojengwa juu ya BridgeDb iliongezewa kitu walichokiita lenzi. Mtafiti mwenyewe anachagua ulinganifu wake uwe mkali kiasi gani: je, dawa na chumvi ya dawa hiyo zihesabiwe kitu kimoja au viwili? Hivi ndivyo inavyotakiwa. Uamuzi unawekwa mezani, unapewa jina, na anayeutumia anajua ametumia upi.

Tazama na upande wa kemikali. Artemisinini ina namba ya CAS, 63968-64-9. Namba hiyo hutolewa na kitengo cha Chama cha Kemia cha Marekani, na rejesta kamili ya namba hizo ni mali yake. Sehemu tu ndiyo iliyo wazi kwa umma. Huwezi kukaa na molekuli yako Dar es Salaam ukaitungia namba ya CAS. Unasubiri ofisi ya nje ikupe. Kinyume chake ni InChI, mfumo uliobuniwa chini ya shirikisho la kimataifa la kemia, IUPAC. Hapo kitambulisho kinakokotolewa kutoka kwenye umbo la molekuli yenyewe, kwa programu iliyo huru kwa kila mtu. Mkemia wa Makerere na mkemia wa Basel wakichora molekuli moja, wanapata herufi zilezile bila kuomba ruhusa popote. Nchi inayotaka kuorodhesha kemikali za mitishamba yake haina sababu ya kuanza na rejesta ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mwingine.

Sasa nifike kwenye fedha, maana ndiko unafiki ulikolala.

Mwaka 2011 KEGG ya Japani, ambayo ramani zake za kemia ya mwili zimetumiwa na kila maabara ya jenomu, ilifunga upakuaji wa bure wa data yake yote kwa pamoja na kuanza kutoza ada. Ruzuku ya umma ilikuwa imepungua. Miaka michache baadaye TAIR, kanzidata ya mmea wa Arabidopsis ambao wataalamu wa mimea duniani kote hujifunzia, ilihamia kwenye ada baada ya serikali ya Marekani kusitisha ufadhili wake. Siwalaumu waliokuwa wakiziendesha. Walikuwa na watu wa kulipa na seva za kuwasha. Nawalaumu wafadhili walioshangilia uzinduzi, wakapiga picha, na walipoombwa fedha za kuendelea wakajibu kwamba hakuna jambo jipya la kufadhili. Matunzo kamwe hayatakuwa jambo jipya. Usahihi wake uko katika kurudiwa kila mwezi.

Na pale ambapo mlango haukufungwa lakini matunzo yalikoma, madhara yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyejua. DAVID ni programu ya mtandaoni ambayo watafiti wengi sana huipelekea orodha ya jeni na kuiuliza jeni hizo zinafanya nini mwilini. Data yake ilikaa miaka kadhaa bila kuhuishwa, hadi mwaka 2016. Mwaka huohuo utafiti uliochapishwa katika Nature Methods ulipitia machapisho kama 3,900 ya mwaka 2015. Asilimia 67 yalikuwa yametaja programu iliyopitwa na wakati, ambayo ilionyesha asilimia 26 tu ya michakato na njia za kibayolojia ambazo rasilimali za wakati huo zingeonyesha. Fikirini hilo. Fedha za kununua kemikali zilitolewa, wagonjwa walichomwa sindano wakatoa damu, mashine ziliendeshwa usiku na mchana, kisha mwishoni kabisa matokeo yakapitishwa kwenye jedwali lililochakaa, na sehemu kubwa ya ukweli uliokwisha kupatikana ikamwagwa.

Anayedhani hayo ni ya programu moja asome habari ya Excel. Tangu mwaka 2004 ilichapishwa wazi kwamba Excel hugeuza majina ya jeni kuwa tarehe, na kwamba vitambulisho kama 2310009E13 vinageuzwa kuwa namba ya kisayansi, asili yake ikapotea moja kwa moja. Mwaka 2016 watafiti walikuta kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel, kwenye majarida makubwa ya jenomu, zilikuwa na kosa hilo. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Microsoft wenyewe waliongeza swichi ya kuuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Miaka 19! Na kila jina lililobadilishwa kuikwepa Excel limeongeza mstari mwingine kwenye jedwali la kuoanisha, ambalo mtunzaji wake halipwi.

Siku hizi naambiwa akili mnemba italimaliza hili. Sikubali, na sababu iko wazi. Kitambulisho hakikisiwi. P69905 ni mnyororo wa alfa wa himoglobini ya binadamu. P69907 ni wa sokwemtu, yule wa Gombe na Mahale, na mfuatano wa asidi amino wa protini hiyo kwake ni sawa na wa kwetu. Ukikosea tarakimu moja umehama spishi, na ukilinganisha mifuatano hutagundua. Chombo kinachotunga jibu linalofanana na ukweli ndicho chombo cha hatari kuliko vyote katika kazi hii. Kitumieni kuandika msimbo mkitaka, lakini jibu la mwisho litoke kwenye jedwali lililokaguliwa, lenye tarehe na toleo.

Nikirudi nyumbani, ghadhabu yangu haipungui. Mradi wa H3Africa umejenga wataalamu wa bioinformatiki barani kote, na mtandao wake wa H3ABioNet, uliozaliwa mwaka 2012, umewafundisha vijana wengi. Uwezo upo. Kisha vijana hao wanarudi vyuoni kwao na kukuta kwamba kupandishwa cheo kunahesabiwa kwa makala. Ukitunza jedwali linalotumiwa na maabara nyingi, ukajibu maswali ya watumiaji, ukarekebisha kosa usiku ili uchambuzi wa mtu usiharibike, kamati ya vyeo inaandika sifuri. Ukichapisha makala moja ambayo hakuna atakayeisoma, unapata alama. Utaratibu huo unawafukuza watu tunaowahitaji, nao wanakwenda kuandika programu za benki. Nawaelewa.

Na hakuna nafasi ya kusema kazi hii ni ya Wazungu. Kimelea cha ndigana kali, kinachowamalizia wafugaji wetu ndama, jenomu yake ilichapishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi. Uchambuzi wake ulifanywa upya baadaye, na vitambulisho vya zamani vilivyoanza na TP vikapata wenzao wapya vinavyoanza na TpMuguga. Muguga ni pale nje ya Nairobi. Jina la mahali petu limo ndani ya kitambulisho. Daktari wa mifugo anayetaka kuunganisha utafiti wa chanjo wa zamani na data ya leo anahitaji jedwali linaloaminika kati ya mifumo hiyo miwili, na anayefaa kulitunza ni mtu anayeishi na ugonjwa huo, anayeweza kupiga simu maabara akauliza sampuli fulani ilitoka boma gani.

Kwa hiyo nadai haya. COSTECH ya Tanzania, NRF ya Kenya na UNCST ya Uganda, kila mwito wenu wa kufadhili utafiti wa jenomu uwe na mstari wa bajeti wa kutunza vitambulisho, na mradi usio na mstari huo urudishwe. Mstari huo usiishe mradi unapoisha. Ulipe mtu, kwa miaka, kama tunavyomlipa mtunza jokofu la chanjo. Vyuo vikuu viandike kwenye kanuni za kupandisha vyeo kwamba programu huria inayotumika na kutunzwa ni kazi ya kitaaluma. Wahariri wa majarida yetu wakatae jedwali lolote la jeni lisilosema vitambulisho vimetoka kanzidata ipi na toleo lipi. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi. Linahitaji mhariri mwenye msimamo.

Na wewe mtafiti mwenzangu, lile faili la kuoanisha ulilolitengeneza kwa jasho na kulificha kwenye kompyuta yako, lenye safu ya namba za zamani na safu ya namba mpya, litoe. Liwekee leseni huria, tarehe, toleo, na maelezo ya kila mstari ulikoutoa. Usingoje lipendeze. Wenzako wa Tororo, Ifakara na Kilifi watakuonyesha penye kosa, nalo litarekebishwa hadharani, mbele ya kila anayelitumia.